Kalori Tisini na Nne

Mashine ilitaka kujua umri na uzito wa mama yangu kabla hajapiga hatua hata moja. Kijana wa jimu alimbonyezea: miaka 66, kilo 81. Mama akashika vyuma vya pembeni kwa mikono miwili kama mtu anayeingia kwenye mtumbwi, mkanda ukaanza kwenda, naye akatembea dakika 30 bila kufika popote. Aliposhuka, kioo kilikuwa kimeandika 94.

"Tisini na nne nini?"

"Kalori, mama. Ndizo ulizochoma."

"Ni chakula gani hicho?"

Kijana alifikiri kidogo. "Tuseme kipande cha chapati. Kama theluthi hivi."

Mama alinigeukia mimi, si yeye. "Yaani nimetembea nusu saa kwa kipande cha chapati ambacho hata sijakila?"

Daktari alikuwa amesema sukari yake imepanda, apunguze uzito na afanye mazoezi. Hakusema mazoezi gani. Mimi nikaamua kwamba hapo ndipo penye kazi yangu. Kama nusu saa ya kutembea inachoma 94, basi lazima lipo zoezi linalochoma 200, na jingine 300, na mtu mwenye akili huchagua kama mfanyabiashara anavyochagua bidhaa: yenye faida kubwa kwa muda mdogo. Nikatafuta majedwali. Kutembea polepole kulikuwa chini kabisa. Juu yake baiskeli, kuogelea, kukimbia. Karibu na kilele kulikuwa na kuruka kamba. Kwa kuwa sikuweza kumwambia mama yangu aruke kamba, nilianza kuruka mimi, uani, ili nimwoneshe kwamba jambo linawezekana. Wiki ya pili goti likavimba.

Nikiwa nimelaza mguu juu ya mto, sina la kufanya, ndipo nilipojiuliza lile ambalo mama angeuliza mwanzo: nani aliyekaa akahesabu?

Wa kwanza anapatikana Paris. Antoine Lavoisier, mwanakemia, alishaonyesha mapema miaka ya 1780, akishirikiana na Laplace, kwamba kupumua ni aina ya kuungua. Walimfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto lake, wakalinganisha na joto la mkaa unaotoa kiasi kilekile cha hewa ukaa. Hesabu zilikaribiana. Moto wa jiko na uhai wa mnyama vilikuwa ndugu. Neno "kuchoma" tunalolitumia jimu linatoka pale, kwenye barafu iliyoyeyushwa na simbilisi mmoja.

Mnamo 1789 na 1790 akaenda kwa binadamu. Kijana msaidizi wake, Armand Seguin, alivishwa kifuniko usoni ili hewa anayovuta ipimwe, kwanza akiwa ametulia, kisha akikanyaga pedali iliyonyanyua uzito. Michoro ya majaribio hayo ipo hadi leo, na aliyeichora ni mke wa Lavoisier, Marie-Anne, ambaye amejichora mwenyewe pembeni, mezani, akiandika. Ninaipenda sana michoro hiyo. Mwanamume anatoka jasho, wanaume wengine wanamzunguka, na mwanamke aliye pembeni ndiye anayeweka kumbukumbu. Seguin alipofanya kazi alitumia oksijeni zaidi ya maradufu ya alipopumzika. Kwa mara ya kwanza zoezi lilikuwa na namba.

Lavoisier hakuishia kwenye namba. Katika maandishi yake ya 1789 alisema kwamba sasa ingewezekana kulinganisha kazi zisizofanana kabisa, hata kukadiria ni ratili ngapi za uzito zinalingana na juhudi ya mtu anayehutubia au anayepiga ala ya muziki. Halafu akauliza jambo lililonifanya niiweke simu chini kwa muda. Ikiwa anayefanya kazi za mikono huunguza zaidi, yeye ndiye anayehitaji kurudishiwa zaidi. Kwa nini basi tajiri asiyetoka jasho ndiye mwenye meza iliyojaa, na maskini anayeunguza mwili wake kutwa ndiye anayepungukiwa? Alisema kosa si la maumbile ila la mipango ya jamii, na akaweka matumaini yake kwenye mapinduzi yaliyokuwa yanaanza.

Mtu huyuhuyu alikuwa mbia katika kampuni binafsi iliyokusanya kodi kwa niaba ya mfalme, na utajiri uliolipia vyombo vyake ulitoka huko, mifukoni mwa walewale waliopungukiwa. Tarehe 8 Mei 1794 mapinduzi aliyoyatumaini yalimkata kichwa pamoja na wenzake wa kampuni ile, akiwamo baba mkwe wake. Sisemi hili kumdharau. Ninasema tu kwamba hesabu ya kuchoma ilianza na swali la nani anatoka jasho na nani anakula, na sisi tumelisahau swali tukabaki na hesabu.

Mashine aliyoipanda mama nayo ina ukoo. Mwaka 1818 mhandisi wa Uingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa la kukanyagia kwa ajili ya magereza. Wafungwa walisimama kwa safu, wakashika chuma kilicho mbele yao, wakapanda vibao vya gurudumu lililokuwa likizama chini ya miguu yao. Walipanda ngazi isiyokwisha, saa nyingi kila siku. Mahali pengine gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Mahali pengine halikufanya lolote, na huo ndio uliokuwa ukali wa adhabu. Miaka ya 1850 daktari Edward Smith alikwenda katika gereza la Coldbath Fields, London, akapima pumzi za waliokuwa wakilipanda, na akaona hewa ukaa inayotoka kifuani ikizidi mara kadhaa ile ya mtu aliyekaa. Alitaka wakubwa waelewe kwamba adhabu ile ina gharama ya chakula, na kwamba sahani ya gereza haiilipi. Uingereza iliondoa gurudumu hilo kwa sheria mwaka 1898. Leo tunalipia ada ya mwezi ili tupande mjukuu wake.

Kipimo chenyewe, kalori, kilizaliwa kwenye mashine kabla ya kuingia mwilini: Nicolas Clément alikitumia Paris katika mihadhara yake juu ya joto na injini za mvuke, miaka ya 1820. Aliyekileta mezani kwa Wamarekani ni Wilbur Atwater, katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut. Mwishoni mwa miaka ya 1890 yeye na wenzake walijenga chumba kidogo kama stoo, urefu wa mita mbili na ushei, upana mita moja na robo hivi, chenye kitanda cha kukunja, kiti na meza. Mtu aliingia akakaa humo siku kadhaa. Chakula kilipitishwa kwenye tundu, hewa ilipimwa ikiingia na ikitoka, na maji yaliyopita kwenye mabomba yalibeba joto la mwili wake hadi nje ili lihesabiwe. Katika baadhi ya majaribio aliwekewa baiskeli iliyofungwa isiende popote. Huyo ndiye babu wa baiskeli ya jimu. Lakini Atwater hakuwa akimtafutia mtu njia ya kukonda. Alitaka kujua mfanyakazi maskini anaweza kununua nguvu kiasi gani kwa senti chache. Kalori kwake ilikuwa kitu cha kutafutwa.

Ikageuka kuwa kitu cha kukimbiwa mwaka 1918, pale daktari wa California, Lulu Hunt Peters, alipochapisha kitabu cha kuwafundisha wanawake wasiseme tena "kipande cha mkate" bali "kalori 100 za mkate". Kitabu kiliuzwa sana. Tangu hapo hesabu ikawa na safu mbili, ya kinachoingia na ya kinachotoka, na mazoezi yakaandikwa katika safu ya pili. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, aliyapa mazoezi alama ili watu wajumlishe kwa wiki. Na mwaka 1993 Barbara Ainsworth na wenzake wakachapisha orodha ndefu iliyopanga shughuli za binadamu, kuanzia kulala hadi kukimbia, kufagia kukiwamo, kila moja ikipewa namba ya mara ngapi inazidi kukaa kimya. Majedwali niliyoyapata, pamoja na kamba yangu, yametoka kwenye ukoo huo. Orodha ile ilitengenezwa ili watafiti waweze kulinganisha tafiti zao. Haikukusudiwa kumwambia mtu mmoja ale nini jioni.

Na "kukaa kimya" kwenyewe ni kwa nani? Kipimo cha msingi, mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika, kinaelezwa kwamba kilitokana na mwanamume mmoja wa miaka 40 mwenye kilo 70. Watafiti walipopima watu zaidi ya 700, wengi wao wanawake, na kuchapisha matokeo mwaka 2005, wastani ulikuwa karibu 2.6. Kwa hiyo ile 94 ya mama huenda ilikuwa pungufu ya 94. Sikumwambia. Alishaudhika vya kutosha.

Nilichomwambia ni habari ya Nairobi, kwa sababu nilidhani itamfurahisha. Mama alizaliwa Rorya, upande wa ziwani. Tangu akiwa na miaka tisa alichota maji ziwani kwa ndoo kichwani, asubuhi na jioni, na alipoolewa aliongeza beseni la samaki la kwenda mnadani. Sasa, mwaka 1986, jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake wa Marekani na Italia. Waliwachukua wanawake wa Kijaluo, wanaosawazisha mzigo utosini, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waliwapandisha kwenye mkanda wa kutembelea, uleule, wakapima oksijeni wanayotumia huku mzigo ukiongezwa. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, hakuna kilichoongezeka. Mwanamke alitumia nguvu ileile aliyotumia akitembea mikono mitupu. Askari anayebeba begi mgongoni hulipia kila kilo.

Nilimfanyia hesabu. Siku hizo alikuwa na kilo kama 60. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20. Kilo 12 za kwanza, nikamwambia, ulizibeba bure.

"Bure?" Alikuwa anachambua mchele, akasimamisha mkono. "Nani kasema bure? Shingo yangu hii? Magoti haya? Walimpima nani huyo, wakamuuliza?"

Nikajaribu kueleza kwamba wanasema bure kwa oksijeni tu. Wenzao walirudi mwaka 1995 wakaeleza jinsi inavyowezekana: mwili unaotembea hupanda na kushuka kama timazi inayobembea, sehemu ya nguvu hupotea katika kila bembea, na wanawake wale walijifunza kuipoteza kidogo zaidi wanapokuwa na mzigo. Baadaye wanawake wa Kixhosa walipopimwa Afrika Kusini, nafuu hiyo haikuonekana kwa wote. Kuna walioonekana kuwa nayo na kuna wasiokuwa nayo. Mama alisikiliza yote, akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunachoka," akaendelea na mchele.

Nimerudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Orodha ya mashine ilikuwa inamwambia kwamba nusu saa yake haitoshi. Utafiti wa Nature ulikuwa unamwambia kwamba miaka yake 30 ya ndoo ilikuwa na gharama ndogo kuliko alivyohisi. Pande zote mbili namba zilipita kando yake.

Wahadza ndio walionifanya niache kabisa kutafuta zoezi la juu ya orodha. Wanaishi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, na wapo ambao hadi leo hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kwao na njia ya kupima isiyohitaji chumba wala kifuniko cha uso. Mtu hunywa maji ambayo hidrojeni na oksijeni yake ni za aina nzito kidogo, zinazoweza kutambuliwa. Kisha anaendelea na maisha yake. Kwa kuangalia mkojo wake siku zinazofuata, unajua ametoa hewa ukaa kiasi gani, na kutokana na hiyo unajua ameunguza kiasi gani kwa siku nzima, kazi na usingizi pamoja. Waliwapima watu 30 kwa siku 11. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8.

Kila mtu angetarajia Mhadza awe ameunguza zaidi sana kuliko karani wa Marekani anayekaa kitini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wanaume waliunguza kama kalori 2,650 kwa siku, wanawake kama 1,880, na ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, hawakuachana na yule karani.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kutembea kwenyewe kwa Mhadza hakukuwa kwa miujiza, kila kilomita iliwagharimu kama inavyomgharimu mtu mwingine. Tofauti ilifutika kwenye jumla. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi kwenye miguu kwa muda mrefu, hupunguza mahali pengine: kwenye uvimbe wa ndani usio na sababu, kwenye homoni za msongo, kwenye kuhangaika kidogo kidogo ambako hatukuoni. Wapo wataalamu wasiokubali kwamba bajeti ni ngumu kiasi hicho, na mjadala unaendelea. Lakini hata kwa tafsiri ya wapinzani wake, ile safu ya pili ya daftari, ya kinachotoka, haijumlishwi kama nilivyokuwa nikiijumlisha mimi na kamba yangu. Wahadza si wembamba kwa sababu wamechagua zoezi linalochoma zaidi. Na kama bajeti ni hiyo, uzito wa mama ungeamuliwa zaidi na sahani kuliko na mkanda.

Hapo mtu angeweza kusema: basi tukae. Nilikaribia kusema hivyo, hasa goti likiwa bado linauma. Kilichonizuia ni makonda wa London.

Jeremy Morris alichapisha habari zao katika The Lancet mwaka 1953. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa zamu nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vidato mia kadhaa kwa siku. Watu wa tabaka moja, mwajiri mmoja, barabara moja. Madereva waliugua moyo zaidi, na walipougua walikufa upesi zaidi. Bila shaka mtu atasema konda alikuwa mwembamba tangu siku ya kuajiriwa, na Morris mwenyewe alilifikiria hilo. Yeye na wenzake walikwenda kwenye vipimo vya sare, wakakuta kweli suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Lakini miaka iliyofuata walipolinganisha mnene kwa mnene na mwembamba kwa mwembamba, konda bado alikuwa na nafuu. Konda mwenye kitambi alikuwa salama kuliko dereva mwenye kitambi. Ngazi zilimfanyia jambo ambalo mizani haikuliona, na ambalo hakuna kioo kingeliandika. Kila ninapopanda daladala nawaangalia wale wawili, mmoja kakaa na mwingine kaning'inia mlangoni, na ninawafikiria wa London.

Baada ya wiki tatu mama alikataa kurudi jimu. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba kutembea bila kufika kunamtia kizunguzungu. Akaanza kwenda Mwaloni kwa miguu, asubuhi, kununua dagaa, kwa sababu alidai wanaoletwa mtaani kwetu wana mchanga. Kutoka nyumbani ni mwendo wa dakika 40, na kurudi ni zaidi, maana Mwanza ni mawe na miinuko na nyumba yetu iko juu. Alipata marafiki huko, wawili wa kutoka kwao Rorya. Akawa anaenda hata siku ambazo dagaa wa jana bado wapo. Jioni akapunguza ugali bila kuambiwa. Alisema hapendi kulala na tumbo zito halafu apande mlima asubuhi.

Mwezi wa tatu tulirudi kliniki. Uzito: kilo 80. Kilo moja. Nilitazama chini kwa aibu, kama mwanafunzi aliyeletwa na mzazi. Daktari akageuza ukurasa, akaangalia sukari ya asubuhi kabla ya kula. Mwanzo ilikuwa 11.2. Sasa ilikuwa 7.4. Akamuuliza anafanya zoezi gani.

"Naenda sokoni," mama akasema.

Daktari akaandika kitu. Nilitamani kuona ameandika nini, maana kwenye orodha zangu zote lile neno halikuwemo.

Nilimnunulia saa ya mkononi inayohesabu hatua. Iko kabatini. Jumamosi iliyopita nilimsubiri juu ya kilima, goti langu likiwa limepona nusu, nikamwona anakuja. Mfuko wa dagaa, kilo tatu au nne, ulikuwa utosini, juu ya kanga aliyoikunja kata. Mikono yote miwili ilikuwa huru, mmoja akiutumia kumwonesha kitu mtoto wa jirani aliyefuatana naye. Shingo ilikuwa wima. Alipofika nilimpokea mzigo, nikamwuliza kwa nini asiubebe mkononi kama watu wengine, ni mfuko mdogo tu.

"Mkononi kunachosha," akasema, akapita kuingia ndani.